Moyo usiouma: kisa cha mishipa iliyoziba kimyakimya kwenye moyo wa kupandikizwa

Mgonjwa mwenyewe na mke wake wamekubali nikiandike hiki kisa. Jina, mtaa, umri kamili na miaka ya matukio nimevitoa, biashara yake nimeibadili kidogo. Namuita Kaka, maana hata kliniki ndo ninavyomuita, na mke wake ni shemeji. Mi ni daktari wa magonjwa ya ndani hapa Mwanza, sio mpandikizaji na sijawahi kusoma huko kwenye kupandikiza, ila huyu mgonjwa alirudi na moyo wa mtu mwingine kifuani na mtu wa karibu wa kumuangalia nikawa mimi. Nimekosea sehemu na nitasema wapi.

Alikotoka

Kaka ni mtu wa miaka arobaini na kitu, mfanyabiashara wa mazao ya ziwa, anakaa kwenye mojawapo ya vilima vyetu vya mawe, zile nyumba ambazo gari haifiki, unaacha boda chini halafu unapanda kwa miguu kwenye ngazi zilizochongwa kati ya miamba. Hizo ngazi zishikeni, zitarudi.

Moyo wake ulitanuka. Presha hakuwa nayo, pombe hanywi, mishipa ilikuwa safi, chanzo hakikujulikana mpaka leo. Akawa analazwa, anatolewa maji, anarudi nyumbani, baada ya wiki tatu kavimba tena, eko, yani altrasaundi ya moyo, inasoma nguvu ya kusukuma damu asilimia 15 wakati mtu mzima ana 55 kwenda juu. Hapa nchini moyo hatupandikizi, kwaiyo ukoo ukakaa kikao, kaka zake wakachanga, ng'ombe wa baba yao kule kijijini wakauzwa karibu wote, akapelekwa India. Alisubiri miezi, akapata moyo wa mtu aliyekufa ubongo, akakaa huko nusu mwaka baada ya operesheni halafu akarudi.

Alirudi mzima kabisa. Nakumbuka siku ya kwanza alivyoingia kliniki mama yake yuko nyuma yake, nikamsalimia mwangaluka mayu, yule mama badala ya kuitikia akanishika mkono akauweka kwenye kifua cha mwanae nisikie unavyopiga. Unapiga mara 102 kwa dakika, amekaa, ametulia. Hiyo ni kawaida kwa moyo wa kupandikizwa, sababu wakati wa operesheni mishipa yote ya fahamu inakatwa, na ule mshipa wa kupunguza kasi nao umekatwa, moyo unabaki na mwendo wake wenyewe, 90 mpaka 110. Watu wengi wanaona namba hiyo wanaanza kutafuta homa au tezi.

Ila kuna kitu kingine kinakatwa pamoja na huo, njia ya maumivu. Hili nililisoma, nikalielewa, na bado likanipita.

Dawa alizokuja nazo: takrolimasi saa mbili asubuhi na saa mbili usiku bila kukosea, maikofenoleti na predinisoloni kidogo, hizo tatu ni za kushusha kinga mwili usiukatae moyo, halafu pravastatini ya mafuta kwenye damu, na aspirini. Na karatasi ya maelekezo, mstari mmoja umepigiwa wino mwekundu: anjiogramu ya mishipa ya moyo kila mwaka, yani picha ya mishipa inayopigwa kwa dawa ya rangi.

Mwaka wa kwanza na wa pili

Wa kwanza alienda India wakampiga picha, mishipa safi, nguvu ya moyo 62. Hawakuingiza altrasaundi ya ndani ya mshipa, sijui kama ni hela au waliona haina haja, ila mbele mtaona kwanini naitaja.

Wa pili hakwenda. Hela ya tiketi na kipimo ilikuwepo nusu, mtoto wake mkubwa alikuwa anaingia kidato cha kwanza, na yeye mwenyewe anapanda ngazi zake na ndoo ya maji mkononi. Akaniuliza, dokta ni lazima? Nikamwambia kama hujisikii vibaya tunaweza kusogeza mbele, tukafanya eko na ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, zikawa nzuri. Tukasogeza. Hilo ni kosa langu la kwanza.

Kitu kimoja cha pembeni cha mwaka huo, alienda Ukerewe kwenye msiba, akabeba dawa za siku moja, upepo ukachafua ziwa meli haikutoka siku mbili. Dozi nne akazikosa. Tangu hapo akisafiri anabeba mifuko miwili, mmoja kwenye begi mmoja mwilini, na za ziada za wiki. Hiyo alijifundisha mwenyewe, nami nawaambia wagonjwa wangu wa figo wafanye ivoivo.

Mwaka wa tatu: TB

Akaanza kukohoa. Wiki tatu, jasho usiku, kilo nne zimeondoka. Akaenda kituo cha karibu na kwake, wakapima makohozi, TB ipo, wakamuanzishia dawa siku hiyohiyo. Mpaka hapo kituo kimefanya kazi nzuri na haraka. Wakamuuliza una ugonjwa mwingine? Akasema nilifanyiwa operesheni ya moyo. Sasa kwetu huku ukisema operesheni ya moyo kila mtu anajua ni valvu, watoto wetu wengi wana ile homa ya baridi yabisi inayoharibu valvu, yule mhudumu akaandika kwenye kadi "operesheni ya moyo, anaendelea vizuri". Hakuna aliyedanganya hapo na hakuna aliyezembea, neno tu lilikuwa moja na maana mbili.

Ndani ya vidonge vya TB kuna rifampisini. Rifampisini inaliamsha ini litengeneze kwa wingi vimeng'enya vinavyovunja dawa, na takrolimasi ni moja ya dawa zinazovunjwa na hivyo vimeng'enya. Kwaiyo unameza kidonge kilekile, saa ileile, huruki hata siku moja, na bado kwenye damu dawa inaisha. Kaka alikuwa anameza zote mbele ya shemeji, ameziandika kwenye daftari la shule la kurasa 48 na tiki kila mstari. Daftari hilo ninalo picha yake. Wiki tano za tiki, na kwenye damu hamna kitu.

Alikuja kwangu wiki ya tano miguu imevimba. Eko, nguvu ya moyo 44. Nikatoa damu ya kupima takrolimasi, ikapelekwa Dar, jibu lilichukua siku kadhaa, 2.1 wakati lengo lake lilikuwa kati ya 5 na 10. Hapo ndo nikamuuliza unatumia dawa gani nyingine, akatoa mfuko wa vidonge vyekundu kwenye koti.

*Tulichoamua na kwanini.* Mwili ulikuwa unaukataa moyo, hilo lilikuwa wazo la kwanza. Uhakika unapatikana kwa kuchukua kipande kidogo cha nyama ya moyo na kukiangalia kwenye hadubini, hapa tulipo tusingeweza, na kumpandisha ndege katika hali ile tuliogopa. Nikapiga simu timu ya India usiku, wakasema tibuni kama kukataliwa. Maana yake methailipredinisoloni gramu moja kwenye mshipa kwa siku tatu, yani unashusha kinga kwa nguvu kwa mtu mwenye TB hai wiki ya tano. Nililala vibaya siku zile. Tulichojipa moyo nacho ni kwamba makohozi yake yalikuwa yameanza kusafika na dawa za TB zinaendelea.

Swali la pili, rifampisini tuitoe au tubaki nayo? Ipo rifabutini ambayo haivunji takrolimasi kiasi hicho, tulitafuta hatukuipata kwa wakati. Kuiondoa rifampisini bila mbadala ni kurefusha matibabu ya TB na kuyafanya dhaifu. Tukachagua kuibakiza na kupandisha takrolimasi hatua kwa hatua, damu kila wiki, mpaka alifika karibu mara nne ya dozi yake ya zamani ndo namba ikakaa sawa. Gharama yake msiniulize, wiki nyingine nilipitisha bahasha kwa wenzangu wodini.

Moyo ukarudi 55. Tukashangilia mapema kidogo, sababu kuna mtego wa pili ambao naomba mtu aukumbuke kuliko vyote: siku dozi ya TB inaisha na rifampisini inatoka, ini linarudi usingizini taratibu ndani ya kama wiki mbili, na ile dozi mara nne sasa inakuwa sumu. Tulijua, tukaanza kupunguza, bado namba moja ilitoka 19 na kreatinini, kipimo cha figo kwenye damu, ikapanda. Ilishuka baadae lakini figo hazikurudi pale zilipokuwa.

Mwaka wa tano: ngazi

Mwaka wa nne ulipita kimya. Anjiogramu haikufanyika tena, safari hii figo ndo ilikuwa sababu, tuliogopa ile dawa ya rangi wanayopiga kwenye mishipa. Sababu ya kweli kabisa, ila ni mwaka wa tatu mfululizo bila picha.

Mwaka wa tano Kaka akawa mchovu. Akaenda duka la dawa, akapimwa taifodi, akapewa dawa. Mwezi uliofuata tumbo la juu linajaa na kichefuchefu, akaambiwa vidonda vya tumbo, akapewa dawa. Alipokuja kwangu nikamuuliza swali ambalo nauliza kila mgonjwa wa moyo, kifua kinauma? Hakiumi dokta. Kinabana? Hakibani. Ukipanda mlima? Nachoka tu. Nikaandika hana maumivu ya kifua, nikampa tarehe ya baada ya mwezi.

Shemeji akabaki kitini wakati mwenzie ameshafika mlangoni. Akasema, dokta mi naomba niseme kitu, huyu baba zamani alikuwa anatoka kwenye boda mpaka mlangoni bila kusimama, mwaka jana akawa anasimama mara moja pale kwa muuza mkaa anajifanya anamsalimia, saivi anasimama kwa muuza mkaa, anasimama kwenye jiwe la msikiti, anasimama tena kwenye bomba, na kwenye bomba anakaa chini. Na yule muuza mkaa ameniuliza mume wangu ana nini.

Nikamrudisha Kaka kitandani nikapiga ECG palepale. Mapigo 104 kama kawaida yake, lakini kwenye nyaya za mbele ya kifua, V1 mpaka V3, kulikuwa na mashimo ya Q ambayo kwenye ECG ya mwaka wa pili hayakuwepo. Tafsiri yake ni kwamba sehemu ya nyama ya moyo upande wa mbele ilishakufa. Alishapata shambulio la moyo, huenda ni ile wiki ya "vidonda vya tumbo", huenda siku nyingine anapanga mizigo, na hakusikia chochote, sababu hakuna waya wa kupeleka taarifa. Eko ikasoma 38, ukuta wa mbele unajivuta tu.

Akapelekwa Dar ndani ya wiki, akanyweshwa na kutundikiwa maji kwanza kulinda figo, dawa ya rangi ikatumika kidogo iwezekanavyo. Kwenye picha, mshipa mkubwa wa mbele umebana asilimia 80 sehemu ya juu, na kuanzia hapo kwenda chini unapungua unene taratibu mpaka unapotea, vitawi vya mwisho havipo, kama mwarobaini uliopogolewa. Mshipa wa kulia umebana kama 50 hivi urefu wake wote. Shina kuu la kushoto zima.

Kwa mpangilio wa ukali wa ugonjwa huu uliotolewa 2010 na jumuiya ya kimataifa ya upandikizaji wa moyo na mapafu, kuanzia daraja 0 mpaka 3, ukiangalia mbano peke yake ungemuweka daraja la 2, mshipa mkubwa mmoja umevuka 70. Lakini mpangilio uleule unasema ikiwa moyo wenyewe umeshadhoofika, nguvu 45 kushuka chini, anapanda mpaka la 3. Kaka ni la 3.

Huu ugonjwa ni nini hasa

Wapandikizaji wanauita kwa kifupi CAV, yani ugonjwa wa mishipa ya moyo wa kupandikizwa. Watu wanauchanganya na ule ugonjwa wa kawaida wa mafuta kwenye mishipa, na ni ndugu kweli, lakini tabia ni tofauti. Ule wa kawaida unakaa sehemu, donge limejenga upande mmoja wa ukuta, mbele na nyuma ya donge mshipa una afadhali. Huu unanenepesha ukuta wa ndani kuzunguka pande zote na kwa urefu wote, mpaka kwenye vimishipa vidogo ambavyo anjiogramu haivioni. Aliyewahi kuona fundi akikata bomba la chuma la zamani anajua, kwa nje ni inchi moja, ndani limebaki tundu la kupitisha kalamu, na ni ivo kutoka mita mpaka nyumba.

Na kwa sababu unanenepa pande zote sawasawa, mwanzoni kabisa picha ya anjiogramu inaweza kuonekana safi, maana picha inaonyesha kivuli cha damu inayopita tu, haionyeshi ukuta. Altrasaundi ya ndani ya mshipa ndo inaona ukuta. Ukuta ukiongezeka nusu milimita au zaidi ndani ya mwaka wa kwanza, hiyo ni dalili mbaya ya miaka inayokuja. Ndo maana nilisema mwaka wa kwanza wangeingiza, tungejua tunaanzia wapi.

Chanzo ni kinga ya mwili kugombana na ukuta wa ndani wa mishipa ya yule aliyetoa moyo, polepole, kwa miaka, hata pale ambapo ugomvi mkubwa haupo. Kila mara mwili ukiukataa moyo ukuta unaumia zaidi. Halafu kuna vichochezi vingine juu yake, mafuta kwenye damu, presha, sukari inayoletwa na dawa zenyewe, virusi vya CMV, sigara, umri wa moyo uliotolewa.

Sio ugonjwa mpya. Christiaan Barnard alipandikiza moyo wa kwanza wa binadamu Cape Town tarehe 3 Desemba 1967, mgonjwa akaishi siku 18. Wa pili wake, Philip Blaiberg, alipandikizwa Januari 1968 akaishi zaidi ya miezi 19, dunia nzima ikamshangaa anaogelea baharini, na alipokufa wakafungua wakakuta mishipa ya ule moyo imeziba vibaya. Yani mtu wa kwanza kuishi muda wa kutosha na moyo wa mwenzake ndo huyohuyo alikutwa nao. Mpaka leo kwenye rejista za kimataifa karibu mgonjwa 1 kati ya 12 anaonyesha ugonjwa huu mwaka wa kwanza, theluthi hivi wakifika miaka 5, nusu wakifika 10.

Maamuzi baada ya picha

Stenti, kile kijibomba cha waya cha kushikilia mshipa ubaki wazi. Wengine kwenye kikao cha madaktari walisema haina maana kuweka stenti kwenye mshipa ulioharibika urefu wote. Ni kweli hairekebishi ugonjwa, lakini ule mbano wa 80 ulikuwa juu, ukiachwa ukaziba anapoteza ukuta wote wa mbele. Ikawekwa moja, na klopidogreli, dawa ya kuzuia damu kuganda, ikaongezwa kwenye aspirini. Upasuaji wa kuunganisha mishipa haukufikiriwa sana, huko chini hapakuwa na mshipa mzuri wa kushonea.

Kubadili dawa. Maikofenoleti ikatolewa, ikaingia everolimasi, nayo ni ya kushusha kinga, na takrolimasi ikashushwa kidogo kuokoa figo. Everolimasi inazuia zile chembe za ukuta kuzaliana, utafiti mkubwa wa 2003 ulionyesha waliopewa tangu mwanzo ukuta wao ulinenepa kidogo kuliko waliopewa azathioprini, dawa nyingine ya kinga. Shida ni hiyo "tangu mwanzo". Kwa mtu wa mwaka wa tano ambaye mshipa umeshajaa, faida haiko wazi kiasi hicho, nami nilimwambia Kaka hivo usoni, tunajaribu kupunguza mwendo, kurudi nyuma sitarajii. Akakubali. Mdomo ukamtoka vidonda akawa hawezi mchuzi wa moto, tukashusha dozi, vikapona.

Statini, yani ile pravastatini, hatukuigusa. Hii watu wanaidharau kwa kuwa ni ya bei rahisi, ila tangu 1995 inajulikana kwamba pravastatini ikianzishwa mapema baada ya kupandikizwa, wagonjwa wanaishi zaidi na mishipa inaharibika kidogo, na sio kwa sababu ya kushusha mafuta peke yake.

Halafu mazungumzo ya moyo wa pili. Kwa ugonjwa wa daraja la 3 tiba ya kweli ni kupandikiza upya, basi. Nilimuita na shemeji, na kaka yake mkubwa akaja kutoka kijijini. Nikaeleza yote, na kwamba figo zake zinaweza kumfanya akataliwe kwenye orodha. Kukawa kimya. Kaka akamuangalia mkubwa wake, akaniambia, "Dokta, ng'ombe wameisha." Mkubwa wake akaanza kusema tutatafuta, akamzuia kwa mkono. Hatukulifunga hilo swali siku ile na sijalifunga, lakini tangu hapo sijamuuliza mbele ya watu.

Matokeo mpaka sasa

Miezi nane baadae stenti yenyewe ilikuwa imeanza kubana ndani, jambo la kawaida kwenye ugonjwa huu, ikapanuliwa kwa puto. Nguvu ya moyo iko 40. Kreatinini haijashuka ila imeacha kupanda. Amepunguza kazi, anakaa dukani, mizigo anabeba kijana. Na wamehama. Shemeji alitafuta chumba na sebule chini kabisa karibu na barabara, kodi ni kubwa kuliko kule juu, akasema hiyo ni dawa nayo. Ni mwaka wa sita sasa.

Uchambuzi: kilichofanya kazi na kilichoshindikana

Nianze na shemeji. Kipimo kilichogundua ugonjwa kwenye kisa hiki ni mwanamke aliyehesabu mume wake anasimama mara ngapi njiani. Mi nilikuwa nauliza swali la moyo wenye mishipa ya fahamu kwa moyo usiokuwa nayo. Kuna wachache ambao baada ya miaka mishipa hiyo inaota tena kiasi wanaweza kusikia maumivu, lakini huwezi kulitegemea hilo. Kwa mgonjwa kama huyu maswali ni mengine: unachoka wapi ambapo zamani hukuchoka, unalala na mito mingapi, tumbo linajaa, umewahi kuzimia, mapigo yanaruka? Na aulizwe anayeishi naye, sio yeye peke yake, sababu yeye ana hamu ya kuwa mzima kuliko mtu yeyote chumbani.

Simu ya moja kwa moja na timu iliyopandikiza ilituokoa mwaka wa tatu. Kabla mgonjwa hajaondoka huko aondoke na namba inayopokelewa, sio barua pepe ya hospitali.

Picha za kila mwaka tuliziacha mara tatu, na kila mara sababu ilikuwa na akili ndani yake. Mwaka wa pili hela, wa tatu TB, wa nne figo. Ukizitazama mojamoja unazikubali, ukizipanga pamoja unaona mgonjwa aliyepita miaka mitatu bila mtu kuangalia ndani ya mishipa yake. Pale ambapo anjiogramu haiwezekani ipo eko ya mkazo, unampa dobutamini moyo ukimbie unaangalia ukuta upi unabaki nyuma. Moyo uliokatwa mishipa ya fahamu bado unaitikia dobutamini vizuri, na haihitaji dawa ya rangi. Inakosa ugonjwa wa mwanzoni, nakubali, ila mwaka wa nne nadhani ingetuonyesha kitu. Sikuifikiria.

TB ndo sehemu inayoniuma. Je, ule mwezi wa takrolimasi kuisha ndo ulioleta CAV? Siwezi kuthibitisha, wapo wengi wanaofuata kila kitu na wanaupata ndani ya miaka mitano. Ila kukataliwa kwa moyo kunaumiza ukuta wa mishipa, hilo halina ubishi, na lilikuwa linazuilika kwa simu moja. Huku kwetu TB ipo, na watu wanaotumia takrolimasi wanaongezeka, tangu Muhimbili ianze kupandikiza figo 2017 na Benjamin Mkapa kule Dodoma 2018. Kwao moyo ni wao wenyewe lakini dawa ni ileile na rifampisini ni ileile.

Tulichobadilisha ni kadi. Ngumu, imepigwa plastiki, inakaa kwenye pochi nyuma ya kitambulisho. Haijaandikwa "operesheni ya moyo". Imeandikwa kwa herufi kubwa: MOYO HUU NI WA KUPANDIKIZWA, NATUMIA TAKROLIMASI. Chini yake dawa ambazo mtu asimpe bila kupiga namba iliyopo hapo, rifampisini, karbamazepini na finitoini kwa upande wa zinazoishusha, erithromisini, klarithromisini, flukonazo na diltiazemu kwa upande wa zinazoipandisha. Na balungi, ambalo watu wanaliona tunda tu. Mstari wa mwisho shemeji ndo aliomba uwekwe: damu ya kupima dawa itolewe KABLA ya kumeza dozi ya asubuhi. Alisema mara mbili Kaka alikunywa dawa kwanza kwa kuogopa kuchelewa saa mbili, ndipo akaja kutoa damu, na sisi tulisoma namba nzuri ya uongo bila kumuuliza.

Anjiogramu ijayo ni baada ya miezi minne. Kaka zake wanne wameunda kikoba chao kwa ajili ya hicho kipimo tu, kila mmoja anatuma mwisho wa mwezi kwenye simu ya shemeji, na yeye anaandika kwenye lile daftari la kurasa 48, upande wa nyuma. Jana alinionyesha, wamevuka nusu.